Sitiari za Maabara: Uhakiki wa Lugha ya Sayansi katika Kiswahili

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Mwanafunzi akituletea utenzi, tutamwuliza juu ya mizani na vina, juu ya dhamira na taswira. Akituletea ukurasa wa fizikia ulioandikwa kwa Kiswahili, twautazama kwa mbali, twahesabu ni istilahi ngapi zimekopwa na ngapi zimebuniwa, kisha twaurudisha kwa mwalimu wa sayansi. Hapo, kwa maoni yangu, twaikimbia kazi yetu wenyewe. Ukurasa wa sayansi nao ni maandishi. Una mwandishi anayetaka kusadikiwa, una tashbihi, una mpangilio wa hoja, na aghalabu una sitiari ambayo mwandishi mwenyewe amekwisha kusahau kwamba ni sitiari.

Huku Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kwamba uamuzi huo utekelezwe, na somo hili liwe la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini sheria haibadili masikio ya watu. Mwanafunzi wetu aghalabu hukutana na Kiswahili kwanza kama lugha ya askari na ya sokoni, na anapotuuliza kama lugha hii yaweza kusema lolote zaidi ya amri na bei, hatumjibu kwa kumtajia mamilioni ya wasemaji. Hesabu ya wasemaji si hoja juu ya uwezo wa lugha. Yatupasa tumwonyeshe lugha ikifanya kazi ngumu, na pale inaposhindwa tumwonyeshe ni nani aliyeshindwa: lugha au mwandishi.

Ndiyo sababu nimechukua nyanja tatu za utafiti ambazo, kwa kutazama juu juu, hazina udugu: kemia ya plazma, mienendo ya galaksi, na uchanganuzi wa lugha kwa kompyuta. Nimezichukua kwa kuwa kila moja imejengwa juu ya mfananisho, na mfananisho ni mali ya mhakiki.

Tuanze na neno. Ile sehemu ya damu iliyo majimaji, inayobaki chembe za damu zinapotengwa, huitwa utegili. Wako waandishi waliolichukua neno hilo hilo wakalitumia kwa hali ya nne ya maada, ile inayofuata mango, kiowevu na gesi, yaani gesi ambayo atomu zake zimenyang'anywa elektroni, ikawa mchanganyiko wa chembe zenye chaji hasi na chaji chanya. Wengine huandika plazma tu na kuendelea na safari. Wanaolipinga neno utegili hudai kwamba limebebeshwa mizigo miwili isiyohusiana: mwanafunzi atadhani jua limejaa damu.

Lawama hiyo ingekuwa na nguvu kama isingekuwa historia ya neno lenyewe la kigeni. William Crookes alipozungumzia hali hii mwaka 1879 aliiita maada yenye kung'ara. Jina plazma lilikuja mwaka 1928, nalo ni la Irving Langmuir, mwanakemia wa kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932. Langmuir alikuwa akichunguza mkondo wa umeme ndani ya mirija yenye gesi nyembamba. Mwenzake wa kazi, Harold Mott-Smith, alisimulia katika barua aliyoichapisha mwaka 1971 kwamba namna mkondo ule ulivyobeba elektroni, ioni na uchafu mwingine ilimkumbusha Langmuir jinsi majimaji ya damu yanavyobeba chembe nyekundu, chembe nyeupe na vijidudu. Basi damu ilikuwamo tangu mwanzo. Aliyetumia neno moja kwa mambo mawili si mwandishi wa Kiswahili asiye na msamiati. Ni mwanasayansi mwenyewe, tena kwa makusudi. Anayeandika utegili kwa maana zote mbili ameirithi sitiari nzima, ilhali anayeandika plazma amerithi sauti yake tu.

Hata hivyo, kuitetea sitiari si kuisamehe kila kitu. Majimaji ya damu ni mbebaji: ukiziondoa chembe zote zinazobebwa, yeye yupo. Katika plazma hakuna mbebaji na mbebwa. Ukiziondoa elektroni na ioni, huna tena plazma, una chombo kitupu au gesi ya kawaida. Mwalimu anayelitumia neno utegili na alisifu kwa picha yake, kisha papo hapo aseme picha hiyo inachechemea wapi. Hivyo ndivyo tunavyofanya na tashbihi ya mshairi. Hatuikubali nzima nzima ati kwa kuwa ni nzuri.

Kosa kubwa zaidi halimo katika neno. Limo katika fasili. Chukua sentensi ya namna hii, ambayo kila mwalimu amekwisha kuiona au kuiandika ubaoni: plazma ni gesi iliyopashwa joto kali sana. Kwa jua ni kweli. Kwa radi ni kweli. Kwa ule mwanga mkali ambao mafundi wa kuchomelea vyuma pale Katwe hujikinga nao kwa miwani myeusi, ni kweli pia. Lakini tazama taa ya tyubu iliyo juu ya kichwa cha mwanafunzi. Ndani yake mna plazma, na kioo chake waweza kukigusa bila kuungua. Elektroni zake zina mwendo unaolingana na halijoto ya nyuzi elfu kumi hivi, ila atomu zenyewe, zilizo nzito kuliko elektroni mara maelfu, hazijapata kushiriki joto hilo. Vitu viwili vimo katika chombo kimoja na kila kimoja kina halijoto yake. Fasili ya joto kali imeificha ajabu yote ya jambo hili, na pamoja nayo imeificha kemia ya plazma, kwa maana kemia hiyo yategemea hasa tofauti hiyo: elektroni zenye nguvu za kuvunja molekuli, katika gesi ambayo haijachemka.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji waitazame sarufi. Tuseme mwandishi anataka kueleza jinsi ozoni inavyotengenezwa. Akiwa na kitabu cha Kiingereza mbele yake, ataandika: utengenezwaji wa ozoni hufanyika kwa njia ya utenganishwaji wa molekuli za oksijeni kutokana na ugongwaji wake na elektroni. Maneno yote ni ya Kiswahili na sentensi si ya Kiswahili. Vitenzi vyake vimekaushwa vikawa majina, halafu kitenzi kisicho na kazi, hufanyika, kimewekwa katikati ili kuyashikilia. Sasa tuandike kama tunavyosema: Elektroni huigonga molekuli ya oksijeni, na atomu zake mbili zikatengana. Atomu iliyoachwa peke yake haitulii. Ikikutana na molekuli nzima ya oksijeni, mbele ya chembe ya tatu itakayoibeba nishati ya ziada, huungana nayo, na sasa wamekuwa watatu: hiyo ndiyo ozoni.

Kiswahili kimepewa viambishi vinavyofaa kazi hii kuliko lugha nyingi. Tenga, tenganisha, tengana. Unga, unganisha, ungana. Gonga, gongana, gonganisha. Nani aliyetenda, nani aliyetendwa, na nani waliotendana, yote yamo ndani ya kitenzi. Kemia ni elimu ya kutendana. Mwandishi anayevikimbia vitenzi na kukimbilia majina yanayoanzia na u- ameikataa zawadi, kisha analalamika kwamba lugha ni maskini.

Na maudhui si haba. Werner von Siemens alitengeneza chombo cha kupata ozoni kwa umeme mwaka 1857, miaka sabini kabla ya plazma kupewa jina. Na mwaka 1906 mji wa Nice huko Ufaransa ulikuwa ukisafisha maji yake ya kunywa kwa ozoni. Mwaka 1903 Kristian Birkeland na Sam Eyde wa Norway walianza kuilazimisha nitrojeni ya hewa iungane na oksijeni ndani ya mwale wa umeme ili wapate mbolea, na kiwanda chao cha Notodden kikafanya kazi tangu 1905. Njia yao ilikula umeme mwingi mno, na njia ya Haber na Bosch ikaishinda tangu kiwanda cha Oppau kilipofunguliwa mwaka 1913. Mwaka 1953 Stanley Miller, akiwa mwanafunzi huko Chicago, alitangaza kwamba alipitisha cheche za umeme katika mchanganyiko wa methani, amonia, hidrojeni na mvuke wa maji, na baada ya siku chache akakuta asidi za amino, zile zinazojenga protini. Mwanafunzi anayeishi kando ya Ziwa Victoria, penye ngurumo nyingi, akielezwa hayo kwa vitenzi vilivyo hai, ataitazama radi kwa jicho jingine.

Nitapita upesi zaidi katika galaksi, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa matatizo yake ya lugha ni machache na yamejificha vizuri.

Lugha yetu haikungoja karne ya ishirini ili itazame juu. Kilimia, lile kundi la nyota, limepata jina lake kutokana na kulima. Sayari, neno lililotoka Uarabuni, maana yake ya asili ni kitu kinachosafiri. Maneno haya yanabeba maarifa. Neno galaksi nalo lina maziwa ndani yake, maana Wayunani waliuita ule ukanda mweupe wa usiku kwa jina la maziwa. Hivyo anayeandika Galaksi ya Njia ya Maziwa amemimina maziwa mara mbili. Njia Nyeupe yatosha. Ama mienendo ya galaksi, sina neno bora la kupendekeza, lakini kila niandikapo mienendo nakumbuka ripoti za shule zenye mstari wa mwenendo wa mwanafunzi, na naziona nyota zikipewa alama za nidhamu.

Mfananisho ninaoupenda kuliko yote katika sayansi ya karne iliyopita ni wa Erik Holmberg wa Lund, Sweden, uliotangazwa mwaka 1941. Alitaka kujua galaksi mbili zikipitiana karibu hutokea nini. Kompyuta hakuwa nayo. Akakumbuka kwamba mwanga hufifia kwa kadiri ile ile ya uvutano: ukiwa mbali mara mbili, wapata robo. Akachukua balbu 37 kuwa galaksi moja na balbu 37 kuwa galaksi ya pili, akazipanga juu ya meza, akapima kwa chombo cha kupimia mwanga ni kiasi gani cha nuru kinafika mahali pa kila balbu na kutoka upande gani, kisha akaisogeza kila balbu hatua moja kwa kufuata kipimo hicho, halafu akapima tena. Mwanga ulisimama badala ya uvutano. Hii ni sitiari kwa maana kamili: kitu kimoja kimechukua nafasi ya kingine kwa sababu ya sifa moja wanayoshiriki, na mtungaji anajua vema kwamba sifa nyingine hawashiriki. Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walitumia kompyuta kuonyesha jinsi galaksi zinavyovutana hata zikatoa mikia mirefu ya nyota.

Waandishi wengi wa mambo haya husema galaksi hugongana. Tumekwisha kulisifu neno gongana katika kemia. Hapa yafaa tulitilie shaka. Nyota ziko mbali mbali mno kiasi kwamba galaksi mbili zaweza kupita moja ndani ya nyingine na nyota zisigusane karibu hata moja. Gesi yao hugongana, ndiyo. Nyota hupenyana. Kitenzi kupenyana tunacho na kinasema kweli.

Kosa la pili ni zito zaidi. Katika jamii ya jua, sayari iliyo karibu huenda mbio na iliyo mbali hujikokota: Utaridi huenda takriban kilomita 47 kwa sekunde, dunia yetu 30, Neptuni 5 na ushei. Ilitarajiwa nyota za ukingoni mwa galaksi nazo zijikokote. Fritz Zwicky alikwisha kuonyesha mwaka 1933, kwa kupima kundi zima la galaksi, kwamba mwendo wake haulingani na maada inayoonekana. Kisha mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walitangaza vipimo vyao vya galaksi ya Andromeda: kadiri walivyokwenda nje, mwendo haukupungua kama ilivyotazamiwa. Vipimo vya redio vya hidrojeni vikaja kuthibitisha jambo hilo mbali zaidi ya pale nyota zinapoishia. Ama kuna maada nyingi tusiyoiona, ama sheria ya uvutano yahitaji kurekebishwa, kama alivyopendekeza Mordehai Milgrom mwaka 1983. Wengi wa wataalamu wameshika njia ya kwanza, ila chembe ya maada hiyo haijapata kukamatwa katika maabara yoyote.

Maada hiyo twaiitaje? Maada giza, huandika wengi, kwa kufuata Kijerumani cha Zwicky na Kiingereza cha waliomfuata. Lakini giza katika Kiswahili ni kukosekana kwa mwanga, na kitu cheusi huuzuia mwanga usipite. Hii haizuii chochote; nuru hupita ndani yake kana kwamba haipo, isipokuwa hupindwa kidogo na uvutano wake. Kioo safi kingekuwa mfano wa karibu zaidi kuliko giza. Maada fiche, au maada isiyoonekana, ingelimwepusha mwanafunzi na picha ya moshi mweusi uliotanda angani. Sisemi tuibadili leo. Neno lililoenea halirudishwi kwa amri. Nasema tulihakiki mbele ya darasa.

Nafika sasa kwenye uwanja ambao Kiswahili si chombo cha kuelezea tu, ni kitu chenyewe kinachochunguzwa. Na tukumbuke, kwa kuwa watu wa fani hizi mara nyingi husahauliana, kwamba vipande vya silikoni vilivyomo ndani ya kompyuta huchongwa kwa plazma. Hakuna patasi nyingine yenye ncha nyembamba kiasi hicho.

Tarehe 7 Januari 1954, huko New York, Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha hadharani mashine iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 kutoka Kirusi hadi Kiingereza. Ilikuwa na maneno 250 na kanuni 6 za sarufi. Ilitangazwa kwamba tatizo la tafsiri lingemalizika katika miaka michache. Mwaka 1966 kamati iliyoundwa na serikali ya Marekani, inayojulikana kwa jina la ALPAC, ilitoa ripoti kali, na fedha zikakauka. Mwaka huo huo Joseph Weizenbaum alitoa maelezo ya programu yake, ELIZA, iliyozungumza kama daktari wa nafsi kwa kuyageuza tu maneno ya mgonjwa yakawa maswali. Kilichomshtua Weizenbaum ni kwamba watu walimwaga siri zao mbele yake. Waliona kuelewa mahali ambapo palikuwa na kugeuza.

Katika maonyesho ya 1954 sentensi zilichaguliwa na maneno yalikuwa machache. Kwa Kiswahili, orodha ya maneno ingeanguka siku ya kwanza. Chukua hawakutusomeshea. Mna ha- ya kukanusha, -wa- ya watendaji, -ku- ya wakati uliopita, -tu- ya watendewa, mzizi -som-, kisha -esh-, kisha -e-, kisha -a. Mzizi mmoja huzaa maumbo maelfu, na hakuna kamusi inayoyaorodhesha. Jawabu lilitoka kwa watu ambao lugha yao ina taabu kama hiyo. Mfini Kimmo Koskenniemi alitunga mwaka 1983 utaratibu wa kuchanganua maneno kwa ngazi mbili, ngazi ya mofimu na ngazi ya umbo linaloonekana. Na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki akauingiza Kiswahili katika utaratibu huo, akachapisha maelezo yake mwaka 1992. Kwa wale wanaodhani kwamba sarufi tunayofundisha, ngeli na viambishi, ni adhabu ya mitihani tu, hii hapa: mashine ya kwanza kukisoma Kiswahili vizuri ilifundishwa mambo hayo hayo.

Lakini mashine ikishajua sarufi ndipo taabu yake yaanza. Mpe ametupa. Itakujibu kwamba kuna njia mbili: a-me-tu-pa, yaani ametupatia sisi, na a-me-tup-a, yaani amekitupilia kitu mbali. Zote ni sahihi, zina herufi zile zile na mkazo ule ule. Ametupa kitabu: tumepewa au kimeenda jalalani? Uzuri wa utaratibu wa kanuni ni kwamba haufichi. Huziweka maana zote mbili mezani, kisha hutafuta katika maneno ya jirani cha kuamulia.

Njia iliyoenea zaidi leo ni nyingine. Badala ya kufundishwa mofimu, mashine hupewa maandishi mengi mno na kujifunza, kwa kuhesabu, neno gani hufuata neno gani. Wazo la kuipima lugha kwa uwezekano wa herufi na maneno lilielezwa na Claude Shannon mwaka 1948; mpangilio unaotumika zaidi sasa ulitangazwa mwaka 2017. Maneno hukatwa vipande kwa kufuata wingi wa kutokea kwake wala si maana yake, hivyo ametupa yaweza kukatwa ame na tupa, na tu- yetu ikamezwa bila mtu kujua. Na pale hesabu inapotawala, mazoea ya maandishi huwa hukumu. Yeye ni mhandisi, yeye ni muuguzi: katika Kiswahili hatujasema mume wala mke. Mashine za kutafsiri zimeonekana mara nyingi zikimfanya mhandisi mwanamume na muuguzi mwanamke zinapoingia katika Kiingereza, kwa sababu ndivyo zilivyokuta katika maandishi ya wengine. Heshima ya kutotaja jinsia, ambayo lugha yetu imeitunza pasipo kujisifu, hupotea njiani.

Kuna na suala la jina. Mashine yenyewe imepitia ngamizi na tarakilishi, na watu wakabaki na kompyuta. Akili yake wengine huiita bandia, Tanzania limeenea jina akili mnemba, Kenya huandika akili unde. Kwa mhakiki maneno haya hayalingani. Bandia ni neno la noti na dawa. Lina harufu ya udanganyifu. Unde latoka katika kuunda, halisifu wala halilaumu. Mnemba halimwambii mwanafunzi lolote mpaka aelezwe, na aliyefika Zanzibar hufikiria kwanza kisiwa. Mimi nachagua unde, huku nikijua kwamba uchaguzi wa mwalimu mmoja si uzito mkubwa. Lakini tatizo la kweli limo katika kitenzi tunachokiambatanisha na jina hilo. Twasema mashine inaelewa, inafikiri, inajua. Hizi ni sitiari kama ile ya damu ya Langmuir na balbu za Holmberg, ila tofauti ni hii: Langmuir hakudhani kwamba mirija yake ina damu, na Holmberg hakudhani kwamba nyota zake ni balbu.

Wenzetu wa TUKI walitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na ni kazi ya kuheshimiwa. Tanzania ilikuwa na pendekezo la tume ya elimu ya mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Husemwa mara kwa mara kwamba istilahi hazikutosha. Nimejaribu kuonyesha kwamba kamusi haiandiki sentensi, na kwamba mwandishi mwenye istilahi zote aweza bado kuandika utenganishwaji wa ugongwaji na asieleweke na mtu. Somo hili ni letu sisi, si la mwalimu wa fizikia.

Darasani mwangu nimelijaribu kwa sentensi moja: Yeye ni mhandisi, naye ametupa kitabu. Niliwataka wanafunzi waitafsiri kwa Kiingereza. Walitoka na sentensi nne, wakaanza kubishana ipi ni sahihi. Msichana mmoja wa nyuma alisema hakuna hata moja iliyo sawa na ya Kiswahili, maana kila moja imesema jambo ambalo yeye hakuambiwa.